Laptopu Haiendi kwa Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kifurushi kimefika! Mjukuu wangu kanitumia laptopu. Ofisini kwao wamenunua mpya, hii ya zamani wakampa aondoke nayo. Naye kanipa mimi. Hakumpa mama yake. Hakumpa bibi yake wa pili. Mimi!

Sababu ni mtoto. Mjukuu kajifungua wiki iliyopita, huko mbali aliko, na kitukuu wangu sijamwona. Nimeonyeshwa kwenye simu, ndiyo. Nikaona kitu kama mkate uliofungwa taulo. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia linafanya kazi likitaka. Nikasema mzuri, kafanana na sisi. Nikarudisha simu, nikaenda jikoni kulia huku nakatakata vitunguu ili pasiwe na maswali.

Sasa mpango. Jumapili alasiri, ukoo mzima, mtoto kwenye skrini kubwa. Hapa kwangu!

Shida ni Mkwe. Mkwe ni mama yake mkamwana wangu, ndiye huyo bibi wa pili. Ana televisheni iliyomeza ukuta. Ukubwa inao, intaneti haina. Keshawatangazia watu kwamba Jumapili ni kwake, na mimi nitawekewa kiti cha mbele kabisa "kwa ajili ya macho yake, maskini."

Maskini! Mimi! Kitukuu wangu wa kwanza nikamtazame nikiwa nimeketishwa kwa huruma. Nife kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Laptopu nimeiunganisha mwenyewe. Ajaribu mwingine kama anaweza.

Ndani ya boksi: laptopu. Chaja yenye tofali katikati ya waya. Mausi. Na kibao cheusi kipana kama sinia, nyuma matundu matupu. Nikampigia mjukuu. Akasema hiyo inaitwa doki. Laptopu inakaa juu yake, unabonyeza mpaka ilie klak. Waya wa umeme, wa mausi, wa skrini kubwa, zote zinachomekwa kwenye doki na kubaki hapo. Ukitaka laptopu unainyanyua, ukimaliza unairudisha, waya huzigusi. Nikamwambia basi ni kitako. Akasema sawa Bibi, kitako.

Nikaiweka. Kimya. Nikabonyeza kwa viganja. Kimya. Nikabonyeza kwa kiwiko. Mjukuu akauliza kama nimebonyeza vya kutosha, nikamwambia nimeikalia kidogo. 

Akauliza, kwa sauti ya upole sana, kama kuna kitu chochote katikati ya laptopu na kitako. Nikasema hakuna. Ni kitambaa tu.

Kitambaa kipi?

Cha kufuma, jamani! Katika nyumba hii kitu cha umeme hakikai uchi. Redio ina kitambaa, jokofu lina kitambaa, pasi ina kitambaa. Kitako nilikifumia chake usiku kucha, cha maua. Mjukuu alicheka mpaka mshono ukamuuma na mtoto akaamka. Nikamsikia analia! Sauti ya mtu mwenye hoja. Akaniambia kitako kina meno, na meno lazima yaingie kwenye tumbo la laptopu, hayawezi kutafuna maua.

Nikakitoa kitambaa. Klak! Taa ya kijani! Nilicheza peke yangu chumbani, nikazunguka meza mara mbili.

Kisha nikaifunika laptopu na kitambaa kwa juu. Ikapata joto, ikavuma kama mtu mnene anayepanda ngazi. Nikakitoa tena. Sawa. Ikae uchi, lakini mlango utafungwa.

Laptopu inataka neno la siri. Ni jina la utani nililompa mjukuu akiwa hajaota meno. Nililiandika herufi kwa herufi kwa kidole kimoja. Shule sikwenda. Herufi nilizipata kwenye meza hii hii, mwanangu anafanya kazi zake za shule, mimi namenya viazi na kuchungulia. Neno lenyewe siliandiki hapa. Mkwe ana macho marefu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkwe kaja. Ulimi asali.

Eti kwa nini nijisumbue, mkwe wake kipenzi, na miguu hii. Eti Jumapili vijana wake watakuja kuibeba laptopu tu, si inatoka kwenye doki? Wataichomeka kwenye televisheni yake, mchezo umekwisha. Doki! Neno kalijua! Mkamwana huyu, mdomo hauna kifuniko.

Kisha, mbele ya macho yangu, akabonyeza kitufe cha ubavuni na kuinyanyua laptopu kwenye kitako kama anayeiba yai chini ya kuku. Akaipimapima mkononi. Akasema ona, nyepesi.

Nikampa chai. Nikamsindikiza mpaka getini, nikamshika mkono, nikamwambia awasalimie vijana wake. Alipopinda kona nikaenda kwa seremala mbio.

Seremala kaja na drili. Nikamwambia akikaze kitako juu ya meza kwa skrubu. Akauliza kama nina hakika, meza nzuri hii, itatoboka. Nikamwambia nimemwita apige skrubu, sikumwita apige soga. Kapiga nne, vichwa vyake vyote vinafunikwa na laptopu.

Meza yenyewe aliitengeneza marehemu mume wangu, humu humu chumbani, na haipiti mlangoni. Haijawahi kupita. Marehemu alikuwa na mapenzi mengi na vipimo vichache.

Bado laptopu. Lakini kitako kina tundu la ufunguo, na ufunguo wake umebandikwa ubavuni! Ukizungusha, kinaing'ata laptopu, haitoki hata ubonyeze kitufe mpaka kidole kivimbe. Nimezungusha. Ufunguo uko kwenye sidiria. Atakayeuliza ataambiwa umepotea.

Nina akili mpaka naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpiga picha wa mtaa wa nyuma kaniazima skrini kubwa ya studio yake. Nimeileta mwenyewe, kifuani, kama mgonjwa. Nikachomeka kwenye kitako. Picha ikaja! Mjukuu wangu siku ya kuhitimu, mkubwa kama mlango, wa kijani kuanzia nywele hadi viatu, lakini ni yeye! Meno yote nikayaona!

Nikaita majirani. Wakajaa. Nikawaeleza kitako ni nini, nikaeleza tena kwa waliochelewa.

Skrini ikasema tap. Ikatoa harufu. Ikatoa moshi.

Nimemrudishia mpiga picha. Akatikisa kichwa, akasema masikini, ilikuwa na kifua muda mrefu. Sasa ndiyo ananiambia!

Moshi haujatoka dirishani, ujumbe wa Mkwe umeshaingia. Anatoa pole. Kesho anakuja kuchukua laptopu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa! Niandike taratibu.

Mkwe kaja na vijana wake wawili, wakubwa kama makabati. Wa kwanza akabonyeza kitufe. Laptopu haikutoka. Akanyanyua. Meza ikaguna. Wa pili akainama, akaona ncha za skrubu zimetokeza chini ya meza, akamwangalia mama yake. Mkwe akaniuliza hiki ni nini, mkwe wangu. Nikasema usalama, wezi wengi siku hizi. Akauliza ufunguo uko wapi. Nikapiga mikono, nikasema ndilo balaa lenyewe, umepotea.

Wakatafuta. Chini ya mikeka, ndani ya sukari, nyuma ya jokofu. Mkwe mwenyewe alipiga magoti akaingia chini ya kitanda changu, akatoka na ndala niliyoitafuta mwaka mzima. Mimi nilitafuta kuliko wote, kwa sauti. Kila nikiinama ufunguo unanichoma.

Mwanangu akasema tuing'oe laptopu kwa bisibisi. Tukampigia mjukuu. Akasema mkilazimisha mtavunja meno ya kitako, na meno yakivunjika basi, kesho hakuna picha, hakuna mtoto.

Mkwe akakaa chini sakafuni, nguo zake nzuri zile, ndala yangu mkononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alitaka tu kumwona mtoto akiwa mkubwa kwenye ukuta wake, asubuhi zake ni ndefu, nyumba haina mtu. Mkono wangu ukaanza kwenda kifuani wenyewe. Naapa. Nikaukamata na mwingine.

Nikakohoa. Nikasema, nafikiria tu, mimi sijui mambo haya, lakini kama laptopu haiwezi kwenda kwa televisheni...

Mkwe akanitazama. Muda mrefu. Akasema, "Mkwe, wewe! Wewe!" Kisha akawageukia vijana wake, akawaambia wakafungue ukuta.

Televisheni imekuja kwa mkokoteni, imevishwa magodoro mawili, Mkwe anatembea pembeni kama anayemsindikiza bibi harusi. Mtaa mzima ulitoka. Mtaa mzima uliona imeingia geti la nani!

Seremala kaisimamisha juu ya kabati, ubavuni mwa meza. Waya mmoja tu kwenye kitako. Picha ikafumka nikarudi nyuma. Nimeshinda!

Jumapili, 9 Machi

Wageni wameondoka, naandika.

Viti nilipanga mwenyewe. Mkwe nikampa kiti kikubwa chenye mito, katikati kabisa ya chumba. Heshima, watu wakasema. Heshima gani! Nilitaka awe mbali. Mimi nikasimama palepale kabatini, pua kwenye kioo cha televisheni. Intaneti ilitoka kwenye simu ya mwanangu, tukaitundika dirishani, akakatazwa kupumua karibu nayo.

Mjukuu akatokea. Akamnyanyua.

Nikamwona.

Nimwandikeje? Uso mpana kuliko mikono yangu miwili. Nyusi kama zimepakwa kwa kidole chenye majivu. Kope nikazihesabu. Tone la maziwa kwenye kona ya mdomo, kubwa kama kifungo cha koti, likang'aa. Na kidevu changu! Kidevu hiki hiki, chenye shimo! Nikaweka kiganja kwenye kioo juu ya shavu lake, kioo kilikuwa cha moto, nikajidanganya ni yeye. Nikapiga kelele, "Ni mimi, baba! Ni mimi!"

Mjukuu akasema, "Bibi, uko wapi? Nakusikia, sikuoni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jicho linalotuona haliko kwenye televisheni. Liko kwenye laptopu, juu ya kifuniko. Na laptopu, kwa skrubu zangu nne na ufunguo wangu, inatazama katikati ya chumba tu. Inamtazama Mkwe! Kwenye mito yangu! Amekaa kama rais! Na mjukuu anamwelekeza mtoto, anamwambia, mwone bibi, bibi huyo hapo.

Nikaishika laptopu niigeuze. Chuma! Kuufungua ufunguo siwezi, watu ishirini wananitazama, nao umepotea.

Nikikaa kabatini namwona, hanioni. Nikienda kwenye kiti ananiona, na mimi naona ukungu.

Sikufikiria. Nikaruka kwenye kiti cha Mkwe. Nikamwambia sogea. Akasema kiti cha mtu mmoja hiki. Nikasema basi tuwe mtu mmoja. Nikajibana, nyonga zikagombana, kiti kikalia. Mjukuu akaniona. Sauti ikamvunjika kama alivyokuwa mdogo akianguka. Akasema, "Bibi wangu."

Sikumwona vizuri. Mawingu mawili ya rangi, moja kubwa moja dogo. Nilitabasamu upande ambao nadhani ulikuwa sahihi.

Mkwe akanitazama. Akajua. Mwanamke yule anajua kila kitu. Akaleta mdomo sikioni kwangu, chini chini, wengine wasisikie: "Anapiga miayo. Sasa kakunja uso. Ametoa mkono kwenye taulo, vidole vyake virefu, vya mama yake. Kafumbua jicho, mkwe. Moja tu. Anakutazama wewe."

Nikainama mbele kumpungia. Ufunguo ukachomoka kifuani, ukaangukia mapajani mwa Mkwe.



Mkwe akautazama. Akaufunika kwa kiganja, akaukunja, akauingiza kwenye sidiria yake. Wala hakupumzika kusema: "Sasa anapiga chafya. Kapiga. Mama yake anamfuta."

Tulikaa hivyo mpaka simu ya mwanangu ikaisha chaji. Mguu wangu wa kulia umekufa ganzi mpaka sasa. Ushindi! Ushindi mtupu! Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Ijumaa, 25 Aprili

Anakuja! Kesho! Mjukuu na mtoto, kwa ndege, saa nne asubuhi wanatua!

Leo Mkwe na mimi tumeketi kama dada wa tumbo moja. Tumesema yaliyopita yamepita, ujinga ule basi, watu wazima sisi. Tumekubaliana gari moja, saa tatu, twende pamoja. Nani atambeba mtoto kwanza? Tutambeba wote, mikono minne, kwa mara moja. Tukakumbatiana. Mkamwana akafuta machozi.

Nikatoka nje kupunga upepo, nikampigia dereva wa teksi. Nikamwambia kesho aje saa mbili, anichukue mimi peke yangu, asipige honi.

Akacheka. Akasema samahani mama, saa moja ana abiria wa kwenda hukohuko uwanja wa ndege. Nikamuuliza abiria gani. Akasema hawezi kusema, mama mmoja hivi, mkubwa, kamwapisha asimwambie mtu. Hasa mimi.

Mkwe! Nyoka! Mwizi wa mchana! Na mikono yake bado ina joto langu!

Sijawahi kumpenda mtu namna hii.

Nimemwambia dereva aje alfajiri, giza lingalipo. Nimeshavaa. Leo nalala na viatu.