Kisanduku cha Vitufe Sitini na Viwili

Jumatano, 6 Agosti 2025
Nimerudi kutoka Muyinga na kisanduku! Unakiunganisha na televisheni, kinavuta intaneti. Rimoti: vitufe sitini na viwili. Njiani ukungu ulilala mabondeni, nikasinzia, nikaota mtaa wetu wote wa Yoba, hapa Gitega, umekaa sebuleni kwangu, kimya, unanitazama mimi. Jumamosi shemeji Eliud anaoa Kigoma, harusi itaonyeshwa mtandaoni. Mama mkwe, Emiliana, anakuja kutoka Bukirasazi. Magoti hayamruhusu kwenda mbali. Nimemwahidi atamwona mwanawe kama amesimama mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Jirani Amissi, fundi cherehani, amekuja kuchungulia. Yeye ana kijiti tu cha kuvuta intaneti, amekichomeka nyuma ya televisheni. Akacheka, akihesabu kwa vidole vitufe vya rimoti yake: “Crispin, mi yangu iko na buto tano. Ninawasha, ninatazama, voilà.” Maskini! Changu kina karaoke, michezo, hali ya hewa ya miji mia. Mke wangu Kasilda ameuliza kitufe cha kuwasha ni kipi. Nimemwambia asiharakishe mambo. Sijakipata.

Ijumaa, 8 Agosti
Kimewaka! Kikipumzika, kioo kinajaa samaki wa rangi, wanaelea polepole. Nimewatazama mpaka maharage yakaungua. Nilihisi mwenyewe naelea juu ya mapaa ya Gitega. Harusi sijaijaribu. Kesho ipo.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama mkwe amekuja na kitenge kipya. Majirani kumi na mmoja. Saa nane kamili nikabonyeza. Kisanduku kikaomba kujisasisha. Nikakubali. Kikaamka na maandishi ya Kichina. Kikaleta mvua ya mji nisioujua. Kisha samaki. Mama akawatazama kwa subira, akauliza kwa upole Eliud ni yupi.

Kasilda akainuka. Akamshika mama yake mkono, akamwongoza kwa Amissi. Wageni nyuma yao. Nikabaki nabonyeza. Ukutani vikapenya vigelegele, na sauti ya Mama ikilia, ikimwita mwanawe. Nikaenda kusimama dirishani kwao. Amissi akasogea, akanipisha. Nikamwona Eliud akimvisha bibi harusi pete.

Jumapili, 10 Agosti
Wakati wa kuaga, Mama ameniambia bila ukali: “Mwanangu, kitu cha nyumbani kiwe cha kuwasha na kuona.” Hekima! Nimeitafakari misa nzima, macho nimefumba, na jibu likanishukia kama nuru. Kosa lilikuwa vitufe. Muyinga wanauza kisanduku kisicho na kitufe hata kimoja. Unakiamuru kwa sauti. Kinasikia Kireno na Kichina tu.

Nimeanza kujifunza Kireno. Kesho basi la kwanza!