Konokono wa Kitabu Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Nimekalia kuti kavu. Asubuhi Mwalimu Mkuu kaniita ofisini, kanisomea barua ya ofisi ya elimu. Jumanne ijayo anakuja mkaguzi. Anataka kuona vile vitabu arobaini vya picha tulivyopewa miaka miwili iliyopita, eti vikuze ubunifu wa watoto wa madarasa ya chini. Shule itakayoonekana haivitumii itanyang'anywa vitabu, na chumba cha maktaba kitapangiwa kazi nyingine.

Nilicheka. Nikamwambia Mkuu asiwe na wasiwasi hata kidogo, maana vitabu vyangu ni visafi kuliko vya shule yoyote. Miaka miwili ndani ya kabati, kufuli mlangoni, na hakuna hata kimoja chenye alama ya kidole!  Mkuu akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

Sikumwelewa mpaka wakati wa chai. 

Maktaba ikifungwa narudi kufundisha darasa la nne. Watoto sabini na mmoja, na koo langu hili! Kwaheri kiti changu kinachozunguka. Kwaheri usingizi wangu mdogo wa saa tano asubuhi. Na chumba tayari kimepata mchumba: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa michezo. Shule nzima inamwita Filimbi kwa kuwa filimbi haimtoki shingoni hata akija kwetu kula. Leo kaingia bila hodi, akapima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Kasema mipira na nyavu zake zitaenea vizuri sana, shemeji, wala usijali.

Tutaona.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa! Vitabu vinatakiwa vionekane vimesomwa. Basi nitavichakaza mwenyewe. Nikachovya kidole gumba kwenye chai, nikapiga alama ukurasa baada ya ukurasa. Nikakunja pembe. Kitabu cha tembo nikakipaka siagi kidogo. Arobaini vyote kwa siku moja! Watoto wangehitaji miaka.

Filimbi alichungulia dirishani mara mbili, akijidai anatafuta mpira. Nikalisukuma kabati mpaka likaziba dirisha. Zito ajabu! Ubao wake wa nyuma ukabanduka, ukaanguka chini kwa kishindo. Nitaupigilia misumari nikipata nafasi. Kwa sasa mgongo wa kabati uko wazi na unatazama dirisha, na dirisha lenyewe halifungiki tangu nianze kazi. Lakini nani ataangalia nyuma? Kwa mbele kabati linapendeza, na kufuli langu liko palepale.

Nimelala mchana kwa raha zangu.

Jumatano, 6 Machi

Nilipeleka kimoja nyumbani nikamwonyeshe mke wangu, maana kazi nzuri huhitaji mtazamaji. Akafungua. Akafungua tena. Akauliza ni nani huyo mtoto wa darasa la pili mwenye kidole kama kijiko cha kupakulia.

Nikaangalia. Kweli! Kidole kilekile kila ukurasa. Changu, tena na lile kovu nililokatwa na kopo la maziwa.

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Akasema, baba, kama unataka alama za watoto, si uwape watoto wavisome? Watoto! Watoto wana mikono, na mikono ina vitu. Huyu mwanamke hana mpaka. Ukoo mzima wako hivyo, kuanzia na kaka yake.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili. Nilichukua kiazi kikubwa, nikakikata katikati, nikachonga kiganja cha mtoto chenye vidole vitano. Nikachovya kwenye maji ya udongo, nikagonga kama mihuri ya posta. Kazi ya fundi!

Nilikuwa nimefika kitabu cha ishirini Mkuu alipopita. Akaokota kimoja, akauliza kama siku hizi tunafuga kuku maktaba.

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika tangu kitabu cha kwanza. Vilivyobaki ni mguu wa kuku, mtupu, hakuna ubishi. Kuku kapita juu ya tembo, kapita juu ya mwezi, kapita juu ya yule konokono wa kitabu namba kumi na saba.

Hicho cha konokono ndicho kibovu kuliko vyote, hata kabla ya kuku. Hakina neno hata moja! Picha tu, mwanzo hadi mwisho: konokono kabeba ndoo, konokono anapanda ngazi, kilima, basi. Kiwandani walisahau kutia maneno. Niliwaandikia ofisi ya elimu barua kali wakati ule, wakibadilishe. Hawakunijibu. Uzembe.

Jioni nilifuta miguu ya kuku na alama za chai kwa kitambaa cha maji. Zimefutika kiasi. Ila kurasa zimelowa na kuvimba kama mkate kwenye chai. Zimebaki siku tano. Maji yako shingoni.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nilivibeba vitabu vyote arobaini uwanjani. Nikavitandaza kwenye nyasi, vikiwa wazi, vipate jua. Juu ya kila kitabu nikaweka vijiwe viwili, upepo usipeperushe kurasa. Vilipendeza. Mara Mkuu akaniita nisaini karatasi. Karatasi ikazaa kikao, kikao kikazaa kikao.

Narudi baada ya saa nzima, naona darasa la pili lote liko chini. Watoto sitini na watatu, wamelala kifudifudi kwenye nyasi. Kimya! Sijawahi kusikia darasa la pili likiwa kimya. Roho ilinitoka, nikadhani wamekula kitu kibaya.

Walikuwa wanasoma.

Kilikuwa kipindi cha michezo. Filimbi kawaacha peke yao akaenda kutafuta pampu ya mpira. Katikati ya kundi kulikuwa na yule msichana asiye na meno ya mbele, wenzake wanamwita Kibogoyo naye anaitika kwa furaha. Anawasomea kitabu namba kumi na saba. Anasoma nini? Hakina maneno! Nikapiga kelele, nikavikusanya vyote. Vingine vilikuwa bado vina joto la matumbo yao.

Na si hilo tu. Mchana waliiba mkaa kwenye jiko la shule, wakachora ukuta wa nyuma wa vyoo kutoka mwanzo hadi mwisho. Konokono mwenye buti. Konokono juu ya mwezi. Ngazi inayotoka ndani ya ndoo. Mkaguzi akiona uharibifu huu, nimekwisha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesugua ukuta tangu asubuhi. Mkaa hautoki, unasambaa tu. Konokono sasa ana kivuli, amependeza zaidi. Filimbi kapita, kacheka. Nikameza kiburi changu, nikamwomba atundike nyavu zake juu ya ukuta. Kakubali kwa sharti nikiri mbele ya dada yake kuwa yeye, Filimbi, ndiye mpishi bora wa ukoo. Nimekiri. Mke wangu kaniuliza kama nina homa.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango wa mwisho, na huu hauna tundu. Nimeingia darasa la pili, nikawakaririsha jibu moja safi: "Vitabu hivi vimekuza ubunifu wetu na kupanua upeo wa fikra zetu." Mara arobaini. Walipaza sauti kama jeshi. Machozi yalinilengalenga.

Kibogoyo akanyoosha mkono, akauliza mke wa konokono atapona lini. Nikamwambia konokono hana mke. Akasema anaye, ni mgonjwa, yuko nyuma ya kile kilima, ndiyo maana hatumwoni. Nikamwambia akae chini. Mtoto yule ana kichwa kigumu.

Jumanne, 12 Machi

Naandika pole pole. 

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Nilimfutia kiti changu kinachozunguka. Akakaa sakafuni! Akatoa vitabu kimoja kimoja. Akauliza miguu ya kuku imetoka wapi. Nikamwambia watoto wetu ni wabunifu sana.

Kisha akashika namba kumi na saba. Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Barua yangu! Akaisoma kwa sauti mbele ya Mkuu: kitabu kimeletwa bila maneno, ni aibu, naomba kingine chenye maelezo kamili ya konokono.  Mlangoni alisimama Filimbi na futi kamba mkononi, safari hii anapima kweli.

Mkaguzi akanipa kitabu, akaniomba kwa upole nimsimulie. Nikasema hakuna cha kusimulia, mama, maneno hayapo.  Mkuu akatazama dari. Nikaliona darasa la nne, watoto wote sabini na mmoja, wakinisubiri.

Akaomba aletewe darasa la pili. Wakaja, wakapanga mistari, wakakariri jibu langu bila kukosea. Akawauliza maana yake. Hakuna aliyejua. Hata mmoja! 

Basi akakifungua kitabu cha konokono, akakigeuzia kwao, wala hakuuliza kitu. Kibogoyo akalipuka. Kwamba ndoo ile ni ya dawa ya mke wa konokono, mgonjwa, na dawa ni mvua ya juu kabisa ambayo haijaguswa na mtu, na ngazi ni fupi ndiyo maana konokono analia hapa, tazama. Mwingine akapinga: si dawa, ni supu, na konokono kachelewa harusi. Wa tatu akasema wote waongo, ndani ya ndoo yumo mdogo wake konokono, anamwonyesha dunia. Kwa robo saa nilihesabu hadithi saba. Nikachungulia kitabu upya. Naapa picha ni zilezile.

Mkaguzi akauliza mke mgonjwa yuko wapi. Kibogoyo akamshika mkono, akamtoa nje. Nikajua kinachokuja. Nilikimbia mbele yao, nikasimama kwenye zile nyavu na kutandaza mikono kama golikipa. Watoto wakapita chini yangu. Wakazivuta.

Ukuta wote ukaonekana. Na kule mwisho kabisa, nyuma ya kilima cha mkaa, amelala mke wa konokono, kajifunika jani hadi shingoni.

 Mkaguzi akauliza, sauti imebadilika, ni nani aliyewapa vitabu hivi wakavijua namna hii.  Kibogoyo akanisonta. Akasema mwalimu alitutandikia kwenye nyasi, vyote, vikiwa vimefunguliwa, akatuwekea na vijiwe ili upepo usigeuze ukurasa kabla hatujamaliza.

Sikumsahihisha. Ningemsahihishaje? 

Mkaguzi akanipa mkono. Akasema kaona maktaba nyingi, vitabu vimefungiwa kama wafungwa, lakini mwalimu wa kuwapelekea watoto vitabu nyasini hajapata kumwona. Barua yangu akaichukulia ni utani, akaikunja akicheka. Vitabu vinabaki. Chumba kinabaki. Mimi nabaki! Filimbi kakunja futi kamba yake, kaninong'oneza kwamba nina bahati kuliko akili. Nilienda nyuma ya kabati, nikalia kidogo. Furaha tupu. Kifua kimekuwa chepesi kama nimetua gunia.

Jioni mke wangu kanikumbatia, kasema basi kila Ijumaa uwe unawatandikia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nimechoka.

Jumatano, 13 Machi

Nimelala saa tisa mfululizo. Nimekula mayai mawili. Kiti kinazunguka vizuri. Dunia ni nzuri.

Jumatatu, 18 Machi

Mambo yamerudi kwenye mstari. Nimenunua kufuli jipya, kubwa mara mbili ya lile. Vitabu vilivyosifiwa na mkaguzi lazima vitunzwe, mtu asiviguse mpaka ukaguzi ujao. Na namba kumi na saba nimekikamilisha mwenyewe. Nimeandika maneno kwa hati safi na kuyabandika kila ukurasa: "Huyu ni konokono. Hii ni ndoo. Hii ni ngazi." Sasa hakuna mtoto atakayehangaika kubahatisha. Hata kiwanda kingejifunza kwangu.

Ule ubao wa nyuma bado sijaupigilia. Hakuna haraka, kufuli liko mbele.

Kero ni moja tu: panya. Kila asubuhi nakuta vitabu vimebadilishana nafasi. Maneno yangu yote yamebanduliwa, moja moja, kwa uangalifu, yamepangwa pembeni. Wakati wa mapumziko nikiwa kwenye kiti nawasikia huko nyuma, upande wa dirishani, wananong'ona. Leo mmoja alicheka, naapa. Nikazunguka nje mbio. Sikukuta kitu, ila Kibogoyo anapita zake, kajaa utando wa buibui kichwani. Nikamwambia akachane nywele.

Ndani ya kabati panya wameacha kipande cha mkaa na biskuti iliyoumwa. Nimeichunguza alama ya meno kwenye mwanga. Nimemwandikia Mkuu kuomba mtego, na nimemhakikishia kazi itakuwa rahisi: panya mwenyewe ni mzee, meno ya mbele yameshamtoka.