Kurugenzi ya Viganja

Nina furaha kuutangazia umma, na hasa mashabiki wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wahunzi wa Toledo, kwamba tatizo la kumtambua mrushaji bora miongoni mwa vijana wanaomaliza chuo limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo ni Kurugenzi ya Viganja, ambayo mimi, Dakta Norbert Pruitt, nilikuwa Mkurugenzi Msaidizi wake.

Umuhimu wa suala hili hauhitaji mjadala. Mrushaji ndiye timu. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza, na kabla majitu ya upande wa pili hayajamfikia na kumlaza chini, lazima awe ameshaona mwenzake gani yuko wazi na kumtupia. Akipatikana mzuri, mji mzima hula vizuri Jumapili ya mechi. Akipatikana mbovu, mashabiki huja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani kwa aibu, kama walivyofanya kwetu misimu mitatu mfululizo. Nasisitiza kwamba ubovu huo haukuwa wa kitaalamu. Warushaji wote watatu tuliowasajili walikuwa na viganja vya kupigiwa mfano.

Mwenye timu, Bibi Lorraine Stucky, ni mjane aliyeachiwa na mumewe timu hii pamoja na kiwanda cha matango ya siki. Alituita ofisini kwake, akatuandalia kahawa na keki, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, safari hii mkiniletea gogo lingine lenye mikono mikubwa, nawahamisha."

"Wapi, mama?" aliuliza bosi wangu, Mkurugenzi Mkuu Royce Hanlon.

"Nitatafuta mahali panapowafaa."

Tulimshukuru kwa kutujali.

Baada ya vijana kadhaa, alifika mbele ya Kurugenzi Amos Verhulst, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Iowa. Sifa zake zilikuwa na dosari za wazi. Chuo chake kilikuwa kidogo. Halafu alikuwa ameshinda karibu kila mechi, jambo ambalo humfanya mtu awe mgumu kupimika. Nikamwambia atanue mkono juu ya ubao, nikapima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho.

"Inchi tisa zinazotakiwa, kasoro upana wa ukucha," nikatangaza.

Mjumbe mmoja wa Kurugenzi akaguna kwa huzuni. Amos akautazama mkono wake kama mtu aliyeambiwa kwamba aliuazima.

"Mpira haujawahi kulalamika," akasema.

"Mpira hauna nafasi ya kutoa maoni katika utaratibu huu," nikamjibu.

Hanlon akachukua zamu. Yeye ni bingwa wa maswali ya kuchimba nafsi. "Kijana, kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe? Wenzako wote wamesema simba."

"Ng'ombe anakamuliwa tu, mzee. Hahojiwi."

Amos akauliza kama kuna anayetaka kuona video ya fainali, ile ambayo timu yake ilikuwa nyuma hadi karibu na mwisho, naye akawatoroka mabeki na kurusha mpira wa ushindi huku akianguka.

"Mechi zina watu wengi mno," Hanlon akamweleza. "Zinavuruga vipimo."

"Sawa. Ila naomba jibu mapema, maana baba ananisubiri. Mkinichukua, ataajiri mkamuaji. Msiponichukua, Jumatatu niko zizini, na mpira ndiyo basi."

Alisema maneno hayo akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vimekamata ukingo wa ubao wangu. Niliona jinsi visivyoufikia ukingo wa pili.

"Mwambie asiajiri," Hanlon akasema kwa ubinadamu.

Kisha akaja Cade Rutherford. Sijui niseme nini. Kijana mrefu kama mlango, meno ya tangazo la dawa ya mswaki, na kiganja ambacho kingefunika sahani ya chakula na mchuzi wake. Nilipomaliza kukipima nilihitaji kukaa. Hanlon alimuuliza mnyama gani, naye akasema, "Simba mwenye nidhamu." Tulipiga makofi.

Tukatoka naye uwanjani kwa jaribio la kurusha. Kama ilivyo desturi, alivaa kaptula, hakuvaa kofia ya chuma wala kinga ya mabega, na hakukuwa na beki hata mmoja. Upinzani uliwakilishwa na makocha wasaidizi wawili wenye fagio, wakizipunga mbele yake kuigiza mikono ya adui. Cade alirusha mipira iliyonyooka hivi kwamba nilitokwa na machozi, na siyaonei haya.

Bibi Stucky alikuwa pembeni kwenye kiti chake cha kukunja, kikombe cha kahawa mkononi. Akaniita. "Norbert, hao wenye fagio wanachezea timu gani?"

"Huo ni upinzani ulioidhinishwa, mama."

"Kwa hiyo msimu ukianza tunacheza na fagio?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Wakati huohuo kocha Dewey, mtu mnene mwenye magoti mabovu, alijikwaa, na ufagio wake ukamgusa Cade begani. Ulimgusa tu. Cade akapiga yowe, akafumba macho, akautupa mpira hewani. Ukaja ukatua mikononi mwa Bibi Stucky. Kwa usahihi zaidi, mkononi, kwa sababu ule mwingine ulikuwa na kahawa, na haikumwagika.

Kurugenzi ilikaa papo hapo na kuamua kwamba ufagio ulivuka mipaka ya mamlaka yake. Mrusho ule ukafutwa kwenye kumbukumbu na Dewey akapewa onyo. Bibi Stucky aliondoka na mpira.

Siku ya uteuzi ikafika. Siku hiyo kila timu hupewa dakika chache za kutaja kwa simu jina la kijana inayemtaka, na zamu yetu ilipowadia Hanlon alisimama kutoa hotuba fupi kuhusu dira, dhamira na Cade. Alikuwa bado kwenye dira Bibi Stucky alipovuta simu.

"Hapa Toledo. Andikeni Verhulst. Ndiyo, huyo wa ng'ombe." Akaikata.

Hanlon akageuka rangi. "Mama! Kiganja chake!"

"Royce, mpira wa huyo wako nimeudaka mimi, na kikombe mkononi. Kaa chini. Halafu pale mahali panapowafaa wewe na Norbert, nimepapata."

Hivyo basi, natangaza kwa fahari kuzinduliwa kwa Kitengo cha Upinzani Ulioidhinishwa. Hanlon anashika ufagio wa kulia, mimi wa kushoto. Kila asubuhi tunamkimbiza Amos Verhulst, na hadi ninapoandika haya hatujamgusa. Huko Iowa baba yake ameshaajiri mkamuaji.

Jana Hanlon alijitupa kwa nguvu zote na kuanguka chali. Mpira ulikuwa umeshaondoka zamani. Amos akarudi akasimama juu yake.

"Mzee, kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?"

Hanlon akahema kidogo, ufagio ukiwa kifuani. "Simba."

"Wenzako wote husema hivyo," Amos akasema, akampa mkono kumwinua.

Kiganja cha Mkurugenzi Mkuu kikazama chote ndani ya kile cha kijana. Nilikuwa karibu, nikapima kwa macho, na kama mtaalamu nathibitisha kwamba cha Amos bado kina upungufu wa ukucha mmoja. Cha bosi sikukipima.