Siku ya Babu na Mjerumani

Jumatatu, Agosti 4, 1975. Machochwe.
Nimepata wazo. Kila Agosti ukoo wetu unachinja dume la ng'ombe kukumbuka siku Babu Waitara alipomtupa Mjerumani ndani ya Mto Mara. Kwa nini tule peke yetu? Nimemwomba mwenyekiti iwe sikukuu ya kijiji kizima. Sikukuu inahitaji katibu. Mimi nipo. Amekubali, ila Mwalimu Pudensiana aandike historia kwanza. Mtu wa Bukoba huyo. Ataandika nitakachomwambia.

Jumatano, Agosti 6.
Hakuandika. Anataka kumsikia Bibi Mogesi, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu! Tangu tuhamishiwe kijijini sijawahi kumsalimu. Nimemwahi na kipande cha sabuni na shikamoo mbili. Akapokea sabuni, akaahidi kusema ukweli mtupu. Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, Agosti 8.
Mkutano wa kijiji. Nimevaa koti. Bibi Mogesi akasimama.
"Waitara hakumtupa mtu," akasema. "Alimbeba Mjerumani mgongoni, asilowe viatu. Akapewa dume. Lilitolewa katika zizi la baba yangu. Nililia mpaka likapotea machoni."
Nikajaribu kuokoa hali: nikasema basi Babu alikuwa mjamaa wa kwanza, alimbeba mwenzake. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafunga mkutano. Baba yangu, Mzee Marwa, hakucheka. Tangu utotoni anakula nyama ya siku hiyo.

Jumamosi, Agosti 9.
Sikukuu yenyewe. Asubuhi Baba amelifungua dume letu, akaliswaga hadi kwa Bibi Mogesi. Nikamfuata nyuma nikimshauri atoe mbuzi tu. Akamwambia Bibi, "Hili ni lenu. Mlikuwa mnalia, sisi tunashangilia."
Bibi akalishika dume shingoni muda mrefu. Kisha akamkaribisha Baba uji. Wameongea hadi mchana, habari za watu nisiowajua. Wageni niliowaalika wamekula ugali na mchicha. Lawama zote kwangu.

Jumapili, Agosti 10.
Ukatibu amepewa Mwalimu. Sawa. Baba yuko tena kwa Bibi Mogesi, anacheka kwa sauti. Mimi nimeanza historia nyingine: babu mzaa mama aliyewafukuza Waingereza kwa fimbo moja. Safari hii nimekuwa makini. Nimepita nyumba kwa nyumba kwanza. Wote waliomfahamu wamekwisha kufa. Safi kabisa.