Siku Tisa za Kutojua Kusoma

Jumatatu, 14 Julai
Habari njema! Afisa Elimu Kata, Bwana Denis, amefika shuleni. Kila mwalimu afanye utafiti mdogo darasani kwake: atafute tatizo, ajaribu njia mpya, apime, kisha ajitafakari mwenyewe. Atakayewazidi wote katani atakwenda Korogwe kuwaeleza walimu wenzake.

Mwaka jana alikwenda Mwalimu Efrazia wa Darasa la Tano. Alirudi na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Alikivaa wiki tatu, hata siku ya zamu ya usafi. Safari hii ni mimi, Semboja. Miaka kumi na moja kazini na sijawahi kuvaa kitu shingoni isipokuwa taulo.

Tatizo nimeshalichagua: kusoma, Darasa la Tatu. Fomu ya tafakuri nimeijaza leo leo ili kuokoa muda. Nimejifunza kuwa msikivu.

Jumatano, 16 Julai
Kikwazo. Watoto wangu wanajua kusoma! Si kwa ufasaha, lakini kila nikiwaambia wasome kwa pamoja, darasa linatikisika. Sasa upimaji wa awali ukiwa mzuri, wa mwisho utapanda wapi? Nimewaza kipindi kizima huku wakinakili ubao.

Jibu limekuja kabla ya kengele. Nimewaambia tunaanza mchezo: kuanzia kesho hadi tarehe 25 hakuna anayejua kusoma. Wamefurahi mno.

Alhamisi, 17 Julai
Upimaji wa awali, mmoja mmoja. Ajabu! Watoto arobaini na watatu, wanaosoma: sifuri. Muhsin alizidisha, alishika kitabu kichwa chini miguu juu. Lakini bingwa ni Mwaija, yule wa dawati la nyuma asiyefungua mdomo. Aliweka kidole kwenye neno, akatoka jasho, akasema ma... ma... akanyamaza. Nilitamani kumpigia makofi.

Nimemsifu mbele ya wenzake na kumpa penseli mpya. Akatabasamu. Sikujua kama ana mwanya.

Jumatatu, 21 Julai
Mzee Hiza, babu yake Muhsin, amekuja ofisini na simu mkononi. Muhsin ndiye humsomea ujumbe. Sasa amekataa, eti mwalimu kapiga marufuku kusoma hadi Ijumaa. Mzee amekaa siku tatu na ujumbe asijue ni msiba au harusi. Mwalimu Mkuu, Mama Rukaya, akanitazama juu ya miwani. Nikamwambia ni hatua ya kitaalamu. Ujumbe nimemsomea mzee mimi mwenyewe. Lilikuwa tangazo la vifurushi.

Efrazia naye na utafiti wake! Amewataka wanafunzi waandike, bila majina, kwa nini wanasinzia darasani. Thelathini na mmoja wameandika kwamba mwalimu anaongea sana. Na majibu hayo ameyabandika ukutani, ofisi ya walimu! Nimemwambia ningekuwa yeye ningeyachoma. Akasema sasa yeye anaongea nusu kipindi, nusu nyingine wanaongea watoto, na hakuna anayesinzia. Nimemhurumia.

Ijumaa, 25 Julai
Upimaji wa mwisho. Nimetangaza mchezo umekwisha, kila mtu asome kweli. Wamesoma! Muhsin kama redio. Arobaini na wawili!

Mwaija akaweka kidole. Ma... ma... Nikamwambia inatosha, mchezo umekwisha. Akarudia vilevile. Nikapandisha sauti. Akaanza kulia kimyakimya.

Nimemtoa barazani, nikamuuliza. Anasema hajui kusoma. Hajawahi kujua. Anasema siku zile zilikuwa nzuri, kwa sababu wote walikuwa hawajui na hakuna aliyemcheka. Kisha akataka kunirudishia penseli.

Sikuipokea. Darasa hili ninalo tangu Januari. Miezi saba! Mwakani ana mtihani wa Darasa la Nne, na mimi nilimsifu kwa kuigiza. Nimejisikia vibaya sana, sina neno jingine. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatatu, 28 Julai
Jana nililifuta jina la Mwaija kwenye jedwali la matokeo mara tatu na kulirudisha mara tatu. Leo Bwana Denis amekuja, akauliza huyu mmoja ana nini. Nikajikuta nimesema yote, mpaka mchezo. Mama Rukaya akavua miwani kabisa.

Bwana Denis hakucheka wala hakugomba. Amesema jedwali nilitupe, utafiti wangu ni mtoto huyu. Niandike kila siku nilichojaribu na kilichotokea. Korogwe anakwenda Efrazia tena. Lakini mwezi wa kumi kuna kikao kingine, na nikiwa na la kueleza nitaitwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Kila mapumziko nakaa na Mwaija barazani. Silabi, silabi, silabi. Alipokuwa Darasa la Kwanza alikaa miezi mitatu shambani Kwedizinga na mama yake, na huku nyuma wenzake wakajifunza silabi. Aliporudi walishapita, na hakuna aliyerudi nyuma kumchukua. Hayo yote nimeyajua kwa kuuliza swali moja. Ile fomu ya tafakuri nimeichana na kuanza upya.

Ijumaa, 22 Agosti
Mwaija amesoma sentensi nzima! “Mama amepika ugali na mchicha.” Peke yake! Niliinuka kwenye kiti. Machozi yalinilengalenga, naandika ukweli. Efrazia alikuwa dirishani, akapiga makofi.

Kisha nikakumbuka. Jumatatu Bwana Denis anakuja kumpima rasmi, ndiyo iwe hesabu ya mwanzo. Akimkuta tayari yuko kwenye sentensi, mwezi wa kumi tutapanda wapi? Nimemvuta Mwaija kando, nikamwomba kwa upole kabisa kwamba Jumatatu aishie kwenye ma... tu.

Amenitazama. Akafungua ukurasa wa pili, akaendelea kusoma, tena kwa sauti zaidi.

Mtoto huyu amekuwa mkaidi. Kesho nitakwenda kumwona mama yake.