Mama Gloire ni Mmoja

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Lockdown bado. Mvua mtaa wetu wote wa Quakers Hill. Nimeona sinema ya zamani kwenye televisheni, zile za nyeusi na nyeupe. Mwanaume anatoka vitani, anakuta mwingine amechukua jina lake, limeandikwa hadi mlangoni! Anavaa koti refu na kofia, anatembea taratibu kwenye mvua kumtafuta mwizi. Uzuri gani! Usingizi ukanichukua kabla ya mwisho. Lakini kazi yangu nimeielewa.

Maana mimi pia niliibiwa jina baada ya vita, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda. Nilimzaa Gloire wangu, watu wakaniita Mama Gloire. Mwaka haujaisha, jirani yangu Généreuse naye akazaa, akamwita nani? Gloire! Sasa tunasali kanisa moja hapa Sydney. Yeye ana mwili, basi wanamwita Mama Gloire Mukubwa. Mimi ni Mudogo. Mimi! Mwenye Gloire anayesomea unesi chuo kikuu! Wa kwake analala mpaka saa sita.

Jumanne, 10 Agosti

Nimevaa koti la mvua la mume wangu Katembo, lile la kazini, na kofia yangu ya kanisani. Koti ni la rangi ya machungwa, lakini kwenye sinema lingekuwa jeusi. Nikapita polepole mbele ya nyumba ya Généreuse. Barabara tupu, lami inang'aa kama kioo, taa zinawaka mchana. Nikajiona nimebaki kivuli tu. Pazia halikusogea. Mzungu mwenye mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nikarudi.

Jumatano, 11 Agosti

Muujiza! Mlangoni kuna sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, bado ya moto. Halafu maandazi. Halafu samaki! Wamama wa kanisa wanaweka, wanabisha, wanakimbia, corona hiyo. Mmoja wao, Mélanie, akapaza sauti garini: jikaze Mama Gloire, tunakuombea! Nikamshukuru. Sababu sijui, lakini mtu kama mimi huombewa tu. Katembo alilamba mpaka mfuniko.

Ijumaa, 13 Agosti

Gloire wangu kaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba mgonjwa wa corona ni Mama Gloire yule mwingine. Mchungaji Anicet alitangaza kwenye Zoom "Mama Gloire anaumwa", hakuongeza Mukubwa wala Mudogo. Kumbe Généreuse amelala, kifua kimebana, hajaletewa hata kikombe cha uji. Sombe yake iko tumboni mwangu.

Kisasi kimetimia chenyewe! Nikangoja furaha. Haikuja. Nikamwona tu Généreuse wa zamani, akinibebea maji nilipotoka kuzaa. Na foleni ya maji kambini ilikuwa haina mwisho.

Nimepika supu ya kuku. Nikaiweka mlangoni kwake, nikabisha, nikarudi nyuma mpaka barabarani. Akatokea dirishani, uso mdogo, kama anatazama kutoka ndani ya maji. Nikampigia simu. Nikamuuliza waziwazi kwa nini alichukua jina. Akakohoa weee! Akasema, "Kambi nzima watoto walikuwa wanalia, Gloire wako peke yake alikuwa anacheka. Nami nilitaka wa kucheka."

Nikalia ndani ya barakoa hadi ikaloa, nikakosa hewa. Nikamwambia lichukue, dada. Chukua lote.

Jumapili, 29 Agosti

Généreuse amepona, Mungu ni mwema. Ametoa ushuhuda kwenye Zoom. Akamshukuru kila mtu, hasa "mdogo wangu, Mama Gloire Mudogo", aliyemletea supu kila siku. Ingawa chumvi, akasema, aliisahau Uganda. Wote wakacheka, hata waliozima kamera! Mchungaji naye!

Nimeitafuta ile sinema, nimeona mwisho. Mwenye jina anafika, mvua inamnyeshea, anaugusa mlango, anamsamehe mwizi. Anaondoka zake ukunguni, hata kofia ameiacha. Mwisho mbovu kabisa! Watu wa zamani hawakujua sinema.

Koti nimelitundika bafuni likauke. Katembo anasema kesho analitaka kwa kazi. Nimemwambia avumilie, kesho lina kazi nyingine, mbele ya nyumba ya Généreuse.