Joto Lililohamia kwa Irma

Jumatatu, 14 Januari

Theluji usiku kucha. Nyumba kumi na moja mtaani kwetu, zimeshikana ukuta kwa ukuta tangu mwenye kiwanda cha nguo alipowajengea wafanyakazi wake, miaka mia na ushee iliyopita. Mapaa kumi meupe pe! Moja jeusi tii, theluji yake imeyeyuka, linachuruzika maji. Langu.

Jirani yangu Irma Coppens, mjane, mfugaji wa njiwa wa mashindano, alikuwa nje na koleo lake. Akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Jirani Gaston! Naona unawapashia malaika joto!"

Nilicheka. Kwa meno tu.

Ndani, habari mbaya zaidi. Chumba chetu cha juu kabisa kimeamka na digrii tisa. Godelieve, mke wangu, analala kwenye kiti cha jikoni kwa usiku wa tatu. Amesema joto lote linatorokea darini, niite mafundi. Nimekataa. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye tramu, treni ndogo za barabarani, za mji wetu wa Gent, miaka thelathini na moja. Mtu aliyekamata abiria waliojificha chini ya viti atashindwa kukamata upepo?

Amesema dada yake wa Ostende ana chumba cha ziada, chenye joto. Kisha akasema treni ya Jumapili ijayo inaondoka saa ngapi. Akaisema kama anayeongea na birika.

Jumanne, 15 Januari

Msako. Nilipanda ngazi na mshumaa, nikaupitisha pembe zote za dari. Mwali ukilala, mhalifu yuko hapo. Mbinu ya kisayansi. Ulilala kwenye tundu la kupandia darini, kifuniko chake kimejikunja kama kigae kilichoungua. Ulilala tena kwenye waya wa taa. Hapo ukaamka na kula kitambaa kinachofunika taa. Unyusi wangu wa kushoto pia.

Jambo la ajabu: chumbani kunanuka vitunguu vya kukaanga. Vya Irma! Nikatambua vinapita dirishani. Nimeziba dirisha lote kwa utepe. Harufu ikazidi. Bila shaka Irma ameongeza vitunguu. Mwanamke huyu hana mipaka.

Jumatano, 16 Januari

Povu! Lile la kopo, linalovimba na kuwa gumu kama jiwe. Makopo matatu yote kwenye kingo za kifuniko. Kopo moja linatosha mlango mzima, wameandika. Wanaogopa tu.

Lilivimba. Likashuka. Likaingia nywele zangu. Godelieve alinikalisha jikoni na mkasi, akakata kimya kimya. Bora angegomba.

Usiku: digrii kumi. Imepanda moja! Godelieve amesema hata nje imepanda moja.

Alhamisi, 17 Januari

Nimekutana na Firmin Steyaert kwenye baa ya pembeni. Dereva mstaafu wa tramu, rafiki wa dhati, masikio yamechoka. Ameniambia kuziba upepo ni nusu ya kazi. Joto linapanda. Juu ya dari lazima litandikwe blanketi: karatasi zilizosagwa kama pamba, zinapulizwa kwa mashine ya kukodi kupitia tundu la dari.

Bora sana. Kasoro moja: tundu la dari nimeliziba jana kwa makopo matatu.

Msumeno. Saa mbili nzima. Kifuniko kimetoka, na kipande cha dari ukubwa wa meza kimekisindikiza hadi kitandani. Upande wa Godelieve. Nimemwambia ni bahati hakuwepo. Akasema hata yeye anaanza kuona hivyo.

Jumamosi, 19 Januari

Siku ya ushindi! Asubuhi nimepigilia ubao mahali dari lilipobomoka. Godelieve alikwenda mazoezi ya kwaya. Mashine chini barazani, Firmin akiilisha mifuko. Bomba la mpira limepanda ghorofa zote mpaka kwangu, juu ya ngazi. Kichwa kiliingia kwenye tundu. Mkono mmoja pia. Mabega yakagoma. Basi, nikasukuma bomba gizani na kupuliza. Kwa nini nione? Mwenye shamba haoni kila mbegu.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya mifuko kumi na miwili. Kumi na miwili ikaisha. Nikapitisha mkono: patupu! Firmin akarudi dukani. Ishirini na minne. Akarudi tena. Dari langu lina kiu ya ngamia. Kwenye mfuko wa arobaini bomba lilinichomoka mkononi. Nikapiga kelele: "Zima! Zima!" Firmin akajibu kutoka chini: "Eeh, mizima bado ipo!" Akatia mwingine, mzima.

Chumba kilijaa weupe. Nimekipiga deki mara nne. Lakini mifuko arobaini na mmoja! Nani mtaani ana dari la mifuko arobaini na mmoja?

Jumapili, 20 Januari

Digrii kumi na moja. Sielewi.

Theluji imeanguka tena. Nilitoka barazani kulitazama paa langu jeupe. Jeusi tii. La Irma jeupe, nene, kama keki ya harusi. Nyumba inayopakana naye upande wa pili nayo vivyo hivyo.

Irma akatoka mikono wazi, uso umenawiri. Anasema tangu mumewe Alfons afe hajawahi kulala bila soksi. Jana amelala bila soksi! Amefungua hata dirisha! "Sijui nimemfanyia Mungu nini jirani, ila leo kanikumbuka."

Nikamwambia ni majira tu yanabadilika.

Godelieve aliyatazama mapaa, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu. Kisha akauliza taratibu kama kule juu niliuona ukuta.

Ukuta gani?

Wa kututenga na Irma.

Nikamwambia nyumba zote zina kuta. Akasema, "Gaston. Sikuulizi kama upo. Nakuuliza kama uliuona."

Tumekunywa supu ya mbaazi. Treni ya leo hakuipanda. Sikuuliza sababu.

Jumanne, 22 Januari

Tumepanda kwa Irma, mimi, Firmin na Godelieve. Chumba chake cha juu, meza imeandaliwa kahawa na tati ya plamu, keki bapa ya matunda. Nikafungua kifuniko cha dari lake. Kosa. Kilichoshuka juu ya tati hiyo kilikuwa mali yangu.

Nikamulika tochi. Mlima! Mlima mweupe wa karatasi zangu, umetandikwa laini mpaka nyumba ya upande wake wa pili. Na kati yetu hakuna ukuta. Hakuna hata tofali! Yule mwenye kiwanda alibania matofali, akatuachia dari moja refu kama bweni. Upepo ulioleta harufu ya vitunguu haukupita dirishani hata siku moja.

Nikadai karatasi zangu. Irma akakung'uta tati, akatafuna, akasema kwenye njiwa sheria iko wazi: akija mwenyewe na kutua kwangu, akakuta pazuri, shauri yake. Nikasema karatasi si njiwa. "Zimekuja kwa hewa au hazikuja kwa hewa?"

Firmin, kwa masikio yake yale, akauliza nani kafa.

Na Godelieve, mke wangu wa miaka thelathini na nane, akacheka mpaka machozi. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo mara ya mwisho. Kisha akarudi nyumbani, akachukua mto wake na nguo za kulalia, akahamia kwa Irma.

Ingekuwa Ostende ningesema amekwenda kumsalimu dada yake. Mlango wa pili! Mtaa mzima umeuona ule mto.

Alhamisi, 24 Januari

Usiku wa pili peke yangu. Digrii kumi. Kupitia dari nawasikia wakicheza karata na kucheka. Nilijikuta nimesimama kitandani, sikio juu. Kusikiliza joto langu likicheka!

Basi: operesheni ya kurejesha mali. Nimepanua tundu kwa msumeno mpaka mabega yakapita. Nikaingia kwa tumbo, nikipita juu ya maboriti, reki mkononi. Firmin nyuma na magunia. Nimeshaufikia mlima. Nimeshavuta reki ya kwanza. Kisha nikainuka kidogo nijinyooshe na kukanyaga mahali pasipo na boriti.

Mguu wa kulia umepita wote, hadi kwenye nyonga. Chini, karata zimekoma.

Sauti ya Irma: "Godelieve, mguu huu ni wa kwenu?"

Sauti ya Godelieve: "Soksi ni yangu, niliifuma mwenyewe. Mguu bado nafikiria."

Nikamwita Firmin avute. Akasukuma. Nikazama zaidi. Ikabidi nimwambie aache kabisa, kwa ishara, gizani.

Ndipo Godelieve alipoanza kuongea. Hakuongea na mimi. Aliongea na mguu. Akauambia baridi si shida yake. Alizaliwa kwenye chumba chenye barafu madirishani. Shida ni kuwa miaka thelathini na nane amelala chini ya akili za mwenye mguu huo. Bafu la mwaka themanini na sita. Jiko la vumbi la mbao. Ile pampu. Kila mara kitu kikimwangukia, anaambiwa ni bahati. Hajawahi kuambiwa pole. Akasema chumba chenye joto anaweza kukipata popote. Alichotaka ni mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho, kwa mara moja tu.

Ningependa kuandika kwamba ningemsikiliza hata kama ningeweza kuondoka.

Alipomaliza nikasema pole. Ilipita kwenye tundu, kando ya paja. Nikasema nitaita mafundi. Akajibu ameshawaita tangu Jumatatu.

Irma aliusukuma mguu kutoka chini kwa ufagio.

Jumamosi, 26 Januari

Fundi mwenyewe ni mwanamke, Annelies De Vreese, mwembamba kama mjusi. Akapita kwenye tundu bila kupumua. Yeye na mwenzake wamesimamisha ukuta wa mbao kati yetu na Irma, wameziba nyufa zote, hata pale pa waya wa taa, wamelifunika upya tundu kwa kifuniko kinene chenye mpira kingoni. Irma amekubali nusu ya mlima irudi, kwa sharti dari lake litengenezwe. Saa kumi jioni wamemaliza.

Digrii kumi na tisa! Mto umerudi. Godelieve amelala saa tatu usiku, mkono wake kifuani kwangu, anakoroma kidogo. Nimebaki macho muda mrefu kwa furaha, sikutaka kuusogeza ule mkono.

Kwa kweli Annelies amefuata mpango wangu uleule, hatua kwa hatua. Nilimweleza hivyo. Akaniomba nimpishe kwenye ngazi.

Jumapili, 27 Januari

Misa. Godelieve alinishika mkono njia nzima. Mapadri wanahubiri upendo miaka yote; sisi tumeupata kwa ukuta wa mbao.

Ila kanisani, baridi ya kuua! Sauti ya kwaya inatoka na mvuke. Watu wote walikuwa wakitazama altare. Mimi nilitazama juu. Dari la mbao, la kale, mita ishirini na mbili kwenda juu. Nyufa! Nimeziona kwa macho yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akizitazama.

Baada ya Misa, Godelieve akiongea na wanakwaya, nikamvuta padri pembeni. Nikamwambia asihangaike na mafundi, tuko wawili, mimi na Firmin, Jumatano yeye awe na funguo za mnara. Godelieve sijamwambia, namwandalia jambo la kumfurahisha. Padri ni mtu mwangalifu. Akaniuliza kama nina uzoefu.

Nikamwambia kweli tupu: mara ya mwisho nilianza na nyumba moja, nikapasha joto tatu.